Maji ya Kunywa na Mapishi Safarini kwa Miguu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ya watu wanaojiandaa kutembea siku mbili, tatu au zaidi, hema na chakula vikiwa mgongoni. Maji na mapishi nimeyaweka pamoja kwa sababu njiani hayatenganiki. Moto unaochemsha maji ya kunywa ndio unaopika chakula, na mkono uliochota maji mtoni ndio huo utakaomega mkate jioni.

Kijito kina maji maangavu, kinakwenda kasi, na juu yake hakuna nyumba hata moja. Nikinywa hivi hivi kuna ubaya gani?

Ubaya upo, ila hauonekani. Kimelea cha jiadia, kinacholeta kuhara, kina upana wa mikroni 8 hadi 12 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na unywele wa mtu ni mnene mara kadhaa kuliko hapo. Maji yanaweza kung'aa kama kioo na bado yakawa yamebeba vya kutosha kukulaza kitandani. Kasi ya maji haiui kitu; inasafirisha tu. Na pasipo nyumba pana wanyama: wanakunywa hapo, wanajisaidia hapo, na wengine wanafia hapo.

Wapo wanaosema wamekunywa maji ya kijito miaka yote wasiumwe. Kwa kawaida jiadia huanza kusumbua wiki moja au mbili baada ya kumeza, wakati umesharudi nyumbani na umeshasahau lile bonde. Mtu analaumu chakula cha jana yake, kumbe ni kikombe cha wiki mbili zilizopita.

Chemchemi inayotoka moja kwa moja mwambani ina nafuu kuliko mto, na mto una nafuu kuliko dimbwi. Nafuu hiyo ikusaidie kuchagua pa kuchota, isikufanye uache kutibu.

Njia ipi ya kutibu maji ni bora?

Jiulize kwanza unapigana na nini. Vipo vya aina tatu. Bakteria, kama wa kipindupindu na homa ya matumbo. Virusi, kama vya homa ya ini aina ya A na norovirusi. Na vimelea vyenye ganda gumu, kama jiadia na kriptosporidiamu. Si kila njia ya kutibu inaviweza vyote.

Kuchemsha kunaua vyote vitatu. Gharama yake ni mafuta na muda, na baada ya hapo unasubiri maji yapoe huku kiu inakukaba.

Chujio dogo la mkononi lenye matundu ya mikroni 0.1 au 0.2 linazuia bakteria na vimelea, na unakunywa papo hapo. Virusi ni vidogo mno, vinapita. Kwenye milima isiyo na watu hatari ya virusi ni ndogo, maana virusi vinavyotuumiza tumbo hutoka zaidi kwa binadamu wenzetu. Lakini ukichota chini ya kambi yenye watu wengi au chini ya makazi, chujio peke yake halitoshi.

Vidonge vya klorini vinaua bakteria na virusi vizuri, na jiadia pia ukivipa muda. Kriptosporidiamu inavicheka. Vidonge vya klorini dioksidi vinaiweza, ila kwa saa 4, si nusu saa.

Taa ya mionzi ya urujuanimno inaharibu vyote vitatu kwa dakika moja au mbili kwa lita, mradi maji yawe maangavu na betri iwe hai. Maji yenye tope yanavipa vijidudu kivuli cha kujificha.

Mimi hubeba chujio la kila siku na vidonge vya akiba. Chujio likiziba au likivunjika, vidonge vipo. Nikishuka karibu na watu, natumia vyote viwili, chujio kwanza kisha kidonge. Vidonge kumi havifiki uzito wa kijiko.

Maji yachemke kwa dakika ngapi?

Yakishatokota kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda hata ukiyakoroga, hesabu dakika 1. Ukiwa juu ya mita 2,000, hesabu dakika 3. Sababu ni kwamba kadiri unavyopanda, maji yanachemka kwa joto la chini zaidi: karibu nyuzi 90 kwenye mita 3,000, karibu nyuzi 83 kwenye mita 5,000. Joto hilo bado linaua, kwa kuwa vijidudu vya tumbo havivumilii nyuzi 70 kwa dakika chache. Hizo dakika za nyongeza ni za tahadhari. Kuchemsha dakika 10 au 20, kama wengi tulivyofundishwa, ni kuchoma mafuta bure.

Tunasubiri mchemko kwa sababu ndiyo alama ambayo jicho linaiona bila kipimajoto. Moshi mweupe na vipovu vidogo pembeni mwa sufuria bado si mchemko.

Chujio langu limekuwa zito, maji hayapiti. Limekufa?

Mara nyingi limeziba tu. Lisukume maji safi kwa kinyume, kwa nguvu, mara kadhaa, hadi yanayotoka yawe meupe. Fanya hivyo kila jioni, usingoje ligome.

Adui mkubwa wa chujio ni baridi. Yale mengi yenye nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani, yakishapitishwa maji mara ya kwanza, hayakauki kabisa. Maji yaliyobaki yakiganda yanatanuka na kupasua nyuzi. Kwa nje hutaona kitu, na maji yatapita vizuri, pengine kuliko jana. Yatakuwa yanapita na kila kitu chake. Usiku wa barafu lala nalo ndani ya mfuko wa kulalia, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Ukilisahau nje likaganda, tumia vidonge au chemsha hadi mwisho wa safari.

Vidonge natumia vipi, na ladha yake je?

Soma karatasi yake, maana vidonge vinatofautiana nguvu: kimoja kinatosha lita 1, kingine kinahitaji lita nyingi. Kwa klorini ya kawaida subiri dakika 30. Maji yakiwa ya baridi sana, ongeza muda hadi saa nzima, kwa sababu dawa hufanya kazi polepole kwenye baridi.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Ulipozamisha chupa mtoni, maji machafu yaliingia pia kwenye mistari ya mdomo wa chupa, pale kifuniko kinapozungushwa. Dawa iko ndani, mistari iko nje, na mdomo wako utagusa mistari. Dakika 5 baada ya kutia kidonge, legeza kifuniko kidogo, pindua chupa, acha maji yenye dawa yavuje na kuosha mistari yote, kisha kaza tena. Ni kazi ya sekunde kumi.

Ladha ya klorini inaondoka ukitia vitamini C ya unga kidogo, au unga wa juisi wenye vitamini hiyo. Tia baada ya muda wa dawa kwisha. Ukitia mapema unaiua dawa kabla haijaua vijidudu.

Vidonge vya aidini bado vipo mikononi mwa baadhi ya watu. Visitumiwe na mjamzito, mwenye ugonjwa wa tezi la shingoni, wala mwenye mzio wa aidini.

Naweza kutumia dawa ya klorini ya kufulia nguo?

Ndiyo, kama ni klorini tupu isiyo na manukato, rangi wala sabuni, na chupa si ya zamani. Ikiwa na nguvu ya asilimia 5 hadi 6, tia matone 2 kwa lita ya maji maangavu, tikisa, subiri dakika 30. Maji yenye ukungu au ya baridi sana yapewe matone 4. Mwishoni unapaswa kunusa klorini kwa mbali. Usipoinusa, rudia dozi na subiri dakika 15 nyingine.

Maji pekee yaliyopo ni ya tope.

Yatulize kwanza. Chota kwenye sufuria au mfuko, acha saa moja au mbili hadi tope likae chini, kisha mimina ya juu polepole kupitia leso safi iliyokunjwa mara kadhaa. Ukiwa na shabu, lile jiwe jeupe la kutuliza maji, koroga chembe kidogo na tope litajikusanya upesi zaidi. Baada ya hapo ndipo uchuje kwa chujio lako, au uchemshe, au utie dawa. Leso haitibu maji, inakuokolea chujio.

Na jua? Nimesikia linatosha.

Linatosha kwa chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita 2, maji maangavu, ikilazwa juani saa 6 mfululizo, au siku 2 kukiwa na mawingu. Kwa mtu anayetembea ni njia ya dharura, kwani saa hizo 6 ndizo anazokuwa njiani.

Maji gani nisiyaguse hata nikiwa na kila kifaa?

Yenye utando wa kijani au buluu juu, kama rangi iliyomwagwa. Huo mara nyingi ni ukuaji wa bakteria wenye sumu, na kuchemsha hakuondoi sumu. Kunapunguza maji na kuiacha sumu. Pia yanayotoka migodini, yanayopita mashamba yaliyopuliziwa dawa, na yenye harufu ya mafuta au kemikali. Njia zote nilizoeleza huko juu ni za vijidudu. Kemikali ni jambo jingine, na jibu lake ni kutafuta maji pengine. Ndiyo sababu ya kusoma ramani nyumbani na kujua kila kijito kinatoka wapi.

Nibebe maji kiasi gani?

Kwa mwendo wa kawaida hesabu nusu lita kwa saa, na karibu maradufu kwenye joto kali au mpando mrefu. Lita 1 ni kilo 1, kwa hiyo usibebe ya siku nzima kama kuna vijito vitatu njiani. Kunywa vya kutosha pale pale unapochota, kisha beba ya kukufikisha kijito kinachofuata na akiba kidogo, maana vijito vya kwenye ramani hukauka. Kula chenye chumvi pia: maji matupu mengi kwa saa nyingi, bila chumvi, nayo yanaumiza.

Tulitibu kila tone la maji na bado watu wawili wakaharisha. Ilikuwaje?

Swali hili naomba ulisome pole pole, kwa sababu hapa ndipo safari nyingi zinapoharibikia.

Yalinikuta. Tulikuwa watu watano, maji tunachuja kwa uangalifu mkubwa, zamu kwa zamu. Usiku wa pili wawili wakaanza kutapika. Tukalilaumu chujio. Baadaye, nikiwaza tulivyokuwa tukikaa jioni, nikauona ule mfuko wa karanga na matunda makavu ukipita mkono kwa mkono, kila mtu anatumbukiza vidole. Mmoja wetu alikuwa ametoka chooni, yaani kichakani, na akajifuta mikono kwenye suruali. Sisi tukijilinda na mto, ugonjwa ulikuwa kwenye vidole.

Tangu siku hiyo mfuko wa vitafunio haupokei mkono wa mtu. Unainamishwa, na kila mtu anamiminiwa kiganjani mwake. Na kabla ya sufuria kufunguliwa kila mtu ananawa kwa maji na sabuni. Jeli ya pombe inasaidia, lakini norovirusi na kriptosporidiamu haziiogopi sana; sabuni na maji yanayotiririka ndiyo yanayoziondoa.

Upande wa vyombo, tenga cha machafu na cha safi na usibadilishe kamwe. Mfuko wangu wa kuchotea una kamba nyekundu, ili hata gizani na nikiwa nimechoka nisikosee. Tone moja kutoka mfuko mchafu likidondokea chupa safi, umefuta kazi yote. Choo kiwe hatua 70 hadi 80 kutoka kwenye maji, shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, lifukiwe.

Maji ya kupikia nayo niyatibu?

Yakichemka vizuri sufuriani yameshatibika. Shida iko kwenye vyakula vya kumiminia maji ya moto. Watu huzima jiko maji yakianza kutoa mvuke ili kuokoa gesi, wakamimina. Yaache yachemke kweli kwanza. Na maji ya kulowekea chakula kisichopikwa, ya kupigia mswaki, na ya kusuuzia kikombe, yote yawe ya kunywa.

Jiko gani linafaa?

Kwa wengi, jiko dogo la gesi linalokaa juu ya mtungi. Linawaka mara moja na moto wake unapunguzika, jambo muhimu kama unapika na si kuchemsha tu. Udhaifu wake ni baridi: butani, gesi ya mitungi mingi, haigeuki gesi chini ya nyuzi sifuri hivi, kwa hiyo kwenye baridi chagua mchanganyiko wenye isobutani na propani, na lala na mtungi ndani ya mfuko wa kulalia. Kwenye barafu kali na safari ndefu, jiko la mafuta lenye pampu ndilo linaloaminika. Jiko la spiriti ni jepesi na halina cha kuharibika, ila moto wake hauonekani mchana. Usiongeze spiriti kabla hujahakikisha limezimika na kupoa.

Upepo unakula gesi kuliko kitu kingine chochote. Kaa nyuma ya jiwe, funika sufuria. Lakini usizungushie kizuia upepo kilichobana jiko lililo juu ya mtungi, kwani joto litarudi kwenye mtungi, nao ukizidi moto unalipuka.

Moto wa kuni ni mzuri kuuota, lakini mara nyingi mvua, marufuku au ukosefu wa kuni vitakunyima. Usiupangie mlo wa pekee wa siku.

Gesi kiasi gani?

Lita moja ya maji ya nyuzi 15, jiko likiwa wazi na kaupepo kidogo, inakula gramu 15 hivi za gesi hadi kuchemka. Watu wawili wakichemsha lita 1 asubuhi na lita 1 jioni, ni gramu 30 kwa siku. Siku tatu ni gramu 90. Mtungi wa gramu 100 unatosha kwa shida, nami ningebeba wa 230.

Sasa ongeza maji ya kunywa. Hao wawili wakichemsha lita 6 za kunywa kila siku, ni gramu 90 nyingine kwa siku, na mtungi wa gramu 100 haumalizi hata siku ya kwanza. Hapo ndipo utaona kwa nini chujio, ingawa lina bei na uzito, linajilipa. Mtungi uliokwisha tumika upime kwenye mizani nyumbani na uandike uzito kwa kalamu juu yake. Kuutikisa hakukwambii kitu.

Mvua inanyesha. Nipike ndani ya hema?

Usipike. Jiko kwenye nafasi iliyofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu husinzia asiamke. Kitambaa cha hema nacho kinashika moto haraka mno. Mvua ikigoma kuisha, kula vya baridi: mkate mkavu, jibini ngumu, siagi ya karanga, matunda makavu. Kila safari nabeba mlo mmoja usiohitaji moto kwa ajili ya jioni kama hiyo.

Chakula gani nibebe?

Kikavu, kinachoiva upesi, chenye mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ina 4, kwa hiyo kichupa cha mafuta ya kula na mfuko wa karanga vinabeba nguvu nyingi kwa uzito mdogo. Kwa siku mtu huhitaji gramu 600 hadi 900 za chakula kikavu. Oti, kuskusi, tambi nyembamba, unga wa viazi, adesi nyekundu zilizokobolewa, maziwa ya unga na mboga zilizokaushwa vinakupa milo mingi tofauti. Pima kila mlo nyumbani, utie mfuko wake na chumvi na viungo vyake. Jioni umechoka, mikono inatetemeka kwa baridi. Hutaki kuanza kutafuta bizari chini ya begi.

Wali wangu milimani unabaki mgumu katikati. Nakosea wapi?

Hukosei; ni yale maji yanayochemka kwa nyuzi 90. Ukiongeza moto, joto la maji haliongezeki, gesi ndiyo inayokwisha. Dawa yake ni muda. Loweka mchele dakika 30 au zaidi kabla ya kupika. Uchemshe dakika chache, zima jiko, kisha funika sufuria na uizungushie sweta au taulo nene pande zote, iache dakika 15 hadi 20. Fungua mara moja tu. Adesi na tambi zinaiva vizuri kwa njia hiyo hiyo.

Maharage mekundu makavu yaache nyumbani. Yana sumu asilia inayokwisha tu kwa mchemko mkali wa muda, na yasipoiva vizuri hata machache yanatapisha. Ukiyapenda, yapike kabisa nyumbani, uyakaushe, kisha uyapashe njiani.

Naweza kula kiporo cha jioni asubuhi?

Kwa wali na nyama, hapana, ila kama usiku kulikuwa na baridi ya friji. Wali uliopoa polepole hukuza bakteria wanaotengeneza sumu isiyokufa kwa kupashwa. Pika kinachokwisha.

Vyombo nioshe vipi?

Futa sufuria kwa mkate au kijiko hadi ibaki karibu safi. Chemsha maji kidogo humo humo, sugua, na ukiweza yanywe kama mchuzi. Sabuni haiingii mtoni, hata iliyoandikwa kwamba inaoza yenyewe; osha hatua 70 mbali na maji na umwage kwa kutawanya. Makombo rudi nayo. Chakula, dawa ya meno na kila chenye harufu kisilale hemani nawe, kwani panya anatoboa hema kwa biskuti moja, na wanyama wakubwa hawatoboi, wanachana.

Theluji inayeyushwaje?

Tia maji kidogo sufuriani kwanza, kisha theluji kidogo kidogo. Theluji tupu juu ya moto inaunguza sufuria na maji yananuka moshi. Yakishayeyuka, yatibu kama mengine.

Mwenzetu ameanza kuhara. Tufanye nini?

Mpumzisheni na mumnyweshe. Lita 1 ya maji yaliyotibiwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kwa mafundo madogo, hata akitapika asubiri dakika 10 aendelee. Mimi huchanganya sukari na chumvi hiyo nyumbani na kuifunga vifurushi vitatu kwenye boksi la dawa, kwa sababu usiku wa manane hakuna anayekumbuka vipimo. Mgonjwa asishike chakula cha wengine, na awe na kikombe chake.

Akiona damu kwenye choo, akipata homa kali, akishindwa kubakiza maji tumboni, au akikaa saa nyingi bila kukojoa, anzeni kumshusha mapema, akiwa bado anaweza kutembea mwenyewe.